Shikamoo ya Bi. Mwanatumu

Siku ya kuniaga, wenzangu wa kituo cha afya walinipa saa ya ukutani na sanduku la nguo. Ile saa ilinishangaza kidogo. Miaka yote niliyokimbizana na wakati hakuna aliyenipa saa, na sasa sina pa kuwahi ndio natundikiwa. Sanduku nalo sijui walitaka niende wapi. Baadaye wauguzi wawili wasichana wakanivuta pembeni, wakaniambia, "Sista Mejumaa, tuandikie basi yale mambo yako ya kuwatunza wazee majumbani. Vitabu vyetu havina." Nikawaambia nitaandika. Nilikuwa na soda mkononi na furaha kifuani, na mtu akiwa hivyo huahidi mengi.

Vyeo sitavitaja, kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara wa serikali hauna hadithi ndefu. Nitaandika ya siku zile miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipotolewa wodini Msambweni nikaletwa upande wa Ukunda kuzunguka nyumba kwa nyumba. Na zaidi nitaandika habari za mama mmoja wa Bongwe. Nilikwenda kwake nikidhani mimi ndiye mwalimu.

Mkubwa wangu alikuwa Matroni Perpetua, mwanamke wa Kakamega, mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi mweusi. Alikuwa amekaa pwani miaka ishirini na bado hajazoea joto. Kila siku alilalamika kana kwamba limeanza jana. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi mkoba wa ngozi, kipimo cha presha ambacho mpira wake ulikuwa umezibwa kwa plasta, na baiskeli ya kiume. Mimi na buibui langu na kile chuma cha katikati tulichukua juma zima kuelewana. Siku ya tatu niliangukia shambani mwa mtu. Mwenye shamba akaja mbio, nikamshukuru Mungu kwa majirani wema, kumbe alikuwa anakuja kutazama mihogo yake.

Matroni hakuniuliza kama nimeumia. Aliniuliza nimefika nyumba ngapi. Lakini alinifundisha jambo ambalo nawaachia ninyi kama nilivyoachiwa. "Ukiingia kwa mzee," alisema, "usitoe kitu mkobani. Kaa chini. Tazama miguu yake. Watu wa nyumba watakuambia mgonjwa hatoki uani, lakini miguu itakuambia alikokwenda." Nikajisemea kimoyomoyo kwamba huyu mama anatafuta tu sababu ya kukaa.

Wakati ule ugonjwa wa kusahau haukuwa na jina kwetu. Matroni alikuwa na jina lake refu la Kizungu, nami nilijaribu kulitamka mara mbili nikaliacha. Watu walisema ni uzee, au ni mashetani, au walisema jambo baya zaidi kwa sauti ya chini, na hilo la sauti ya chini ndilo lililokuwa likinitia hofu, maana mzee akishaitwa mchawi hapati tena jirani. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ilikuwa kunywa chai na majirani. Nakumbuka mzee mmoja wa Gombato, mpishi mstaafu, aliyekuwa akipigana kila asubuhi na adui ndani ya kabati. Familia ilikuwa imeshaita waganga wawili. Nilifungua kabati, nikakuta kioo mlangoni, nikakifunika kwa kanga. Vita vikaisha siku hiyo hiyo. Sifa nilizozipata kwa kanga ile sikuwahi kuzipata kwa sindano, nami kichwa kikaanza kuvimba.

Ndipo akaja Bakari.

Bakari alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya Galu, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye mikono iliyonukia kitunguu hata akiwa amevaa kanzu. Alikaa kwenye benchi letu mpaka wagonjwa wakaisha, kisha akaingia.

"Sista, nataka dawa ya usingizi."

"Hulali?"

"Si yangu. Ya mama. Ya kumlaza mchana tu, mpaka nitoke kazini. Usiku analala mwenyewe, alhamdulillahi."

Nikamwambia anipeleke kwao.

Nyumba yao ilikuwa Bongwe, ya makuti, safi, imefagiwa mpaka nje ya ua. Bakari alifungua kufuli la mlango wa chumba, na aibu aliyokuwa nayo wakati akizungusha ufunguo ule bado naiona. Ndani alikaa Bi. Mwanatumu, mamake, mwanamke mdogo wa umbo, yapata miaka themanini, amejifunga leso mbili zinazolingana. Mbele yake kulikuwa na miyaa, yale makuti membamba ya kusukia mikeka, na mikononi mwake ukili, ule ukanda uliosukwa wa kushonea mkeka, ulikuwa ukirefuka bila yeye kuutazama. Bongwe nzima walilala juu ya mikeka yake. Watu wazima wenye wajukuu walikuja kumwamkia kila Ijumaa baada ya sala, na Bakari alijivunia jambo hilo kuliko mshahara wake wa hoteli.

Nilikaa chini, nikatazama miguu. Nyayo zilikuwa na lami.

"Hatoki," alisema Bakari.

"Barabara kuu amefika mara ngapi?"

Akainamisha kichwa. "Mbili. Mara ya pili lori lilisimama hivi," akaonyesha kwa kiganja nafasi iliyobaki. Mkewe, Zuhura, alifundisha watoto wa chekechea Ukunda, yeye mwenyewe alikuwa jikoni hotelini, na mchana nyumba ilibaki na mama na kufuli.

Tena kulikuwa na kaka mkubwa, Hamisi, mwenye duka Samburu, kule juu kwenye barabara ya Nairobi. Alikuja Jumapili ile, mnene, mwenye ndevu nzuri na sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja, na kikao kikafanyika uani. Hamisi alikuwa ameshakata shauri.

"Mama atakwenda na mimi Samburu."

"Na mchana atakuwa na nani, kaka Hamisi?" nikauliza.

"Duka liko mbele ya nyumba. Tutamwona."

"Na mbele ya duka kuna nini?"

Akanitazama kwa hasira, maana mbele ya duka, kila mtu anajua, kuna malori yanayotoka Mombasa hayajashika breki. "Basi kutakuwa na chumba na kufuli," alisema. "Hapa si mnamfungia vilevile?"

Mdogo hambishii mkubwa mbele ya watu, basi Bakari akamimina chai. Mimi jibu nilikuwa nalo. Nikasema tutafute mtu wa kukaa naye mchana, hapa hapa kwake, mlango wazi. Bi. Mwanatumu alizaliwa Galu, akaolewa Bongwe, hajawahi kuishi pengine. Ukimpeleka mahali ambapo hata hewa haijui, hicho kidogo kilichobaki kichwani kitamwagika njiani. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Hamisi akakubali kwa sharti moja: mpaka mwezi wa Ramadhani uandame, na mama akionekana barabarani mara moja tu, anakuja na gari kumchukua. Bi. Mwanatumu alikuwa kando yetu akisuka. Sijui alielewa kiasi gani, lakini Zuhura alielewa: alipokusanya vikombe nilimwona anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kumpata mtu wa kukaa naye haikuwa rahisi. Wa kwanza alikuwa jamaa yao, binti mtaratibu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kulala. Nilikuta mgonjwa anampepea mbu. Aliyefuata alikuwa mkweli kupita kiasi. Bi. Mwanatumu akimuuliza mamake yuko wapi, anajibu, "Bibi, mamako alikufa zamani," basi mama wa watu analia msiba mpya kila siku, mara nyingine mara tatu kabla ya adhuhuri. Ninyi mnaosoma, msifanye hivyo. Ukweli una mahali pake.

Hatimaye Matroni akaniletea Mama Kioko, Mkamba wa Machakos, mjane wa miaka hamsini hivi, aliyekuwa dobi wa hoteli mpaka wageni walipopungua na hoteli zikaanza kupunguza watu. Nilimwonya kwamba kazi ina kufua na kuosha na wakati mwingine mkojo.

"Sister, mimi nimefua mashuka ya watalii miaka kumi na mbili," alisema. "Hakuna kitu utanionyesha."

Nikamnunulia daftari la kurasa tisini na sita, na ukurasa wa kwanza nikaandika kanuni zangu kwa kalamu nyekundu. Nilizipenda sana kanuni zile. Ya kwanza kabisa ilisema: kila aingiaye amwamkie shikamoo, hata akitoka kisimani na kurudi. Mgonjwa wa kusahau, nilifikiri, amepoteza mengi, basi tusimpotezee na heshima yake. Mama Kioko aliisoma akakuna kichwa.

"Sasa nitamwambia shikamoo mara ngapi kwa siku? Kwetu ukisalimia asubuhi umemaliza."

"Hapa si kwenu, Mama Kioko."

"Sawa, sister. Shikamoo ni bure."

Kufuli likatolewa mlangoni. Pale langoni pa ua nikafunga kengele ya baiskeli kuukuu, ili lango likisukumwa isikike. Hiyo nayo iibeni. Ni dawa isiyo na madhara. Majirani walielezwa, na mwenye kibanda cha mbogamboga njiani alielezwa mara mbili.

Lakini juma la kwanza halikwenda vizuri, na la pili likawa baya. Bi. Mwanatumu alikuwa akisuka vizuri tu, halafu ghafla anainuka, anakunja ukili wake kwapani na kushika njia. Mama Kioko alimrudisha kutoka langoni, kutoka kwenye mkorosho wa jirani, siku moja kutoka nusu ya njia ya Ukunda. Kila kitu alikiandika, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyezoea kuandika namba za vyumba. Nilisoma daftari nikaanza kutibu. Nikapima sukari, iko sawa. Nikapeleka mkojo kupimwa, uko sawa. Nikapunguza kahawa, nikahamisha jamvi kutoka juani, nikabadilisha saa ya kuoga. Bi. Mwanatumu aliyastahimili yote, kisha akaondoka zake.

Ijumaa ndizo zilizokuwa mbaya kuliko siku zote. Niliona hilo daftarini, nikadhani ni kelele za watu. Na kulikuwa na mstari mmoja ambao Mama Kioko aliuandika neno kwa neno, kama alivyousikia: "Wazee wa hapa hawana adabu. Nakwenda kumwambia mama." Niliusoma, nikacheka, nikafungua ukurasa uliofuata. Katika kazi yangu yote sijafanya kosa kubwa kuliko kile kicheko, nami naliandika wazi ili msilirudie.

Juma la tatu mambo yakageuka. Daftari likaanza kusema: "Ametulia. Amesuka. Amekula." Siku iliyofuata vilevile. Nikamwambia Matroni kwamba ni ile kahawa niliyoipunguza. Nilisema kwa unyenyekevu wa mtu anayengoja asifiwe. Matroni akasema, "Hm."

Asubuhi moja baiskeli ilipata pancha karibu na Bongwe, nikaisukuma nikienda kwa miguu, kwa hiyo hakuna aliyesikia ninakuja. Nilifika kwenye ua, nikafungua mdomo kupiga hodi, nikasikia sauti ya Bi. Mwanatumu kutoka ndani, sauti nyembamba, ya haya.

"Shikamoo, bibi."

Na sauti ya Mama Kioko ikaitika, bila wasiwasi wowote, "Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

Mwili ulinisisimka. Mtu wa bara huenda asielewe, basi niseme. Kwetu mdogo ndiye aamkiaye na mkubwa ndiye aitikiaye, na hakuna anayepindua. Mwanamke wa miaka hamsini kuitikia marahaba kwa bibi wa miaka themanini ni sawa na kukaa kwenye kiti chake na kumwacha asimame. Hata mimi muuguzi, mwenye mkoba na kipimo, ningekufa kabla sijafanya hivyo. Nikaingia bila hodi, nikamvuta Mama Kioko jikoni.

"Umefanya nini?"

Hakutahayari sana. "Siku moja nilichelewa, nikaingia nahema, nikasahau shikamoo yako. Akaniangalia, akasema yeye. Ningemnyima? Nikaitika. Akaniuliza kama maji yamechotwa, nikasema yamechotwa, akaanza kusuka. Siku yote hakutoka." Akashusha sauti. "Sister, huyu mama ako msichana. Kwa kichwa yake ako miaka kumi na mbili, kumi na tatu. Ukimwambia shikamoo anageuka nyuma kuangalia ni mzee gani ameingia. Akikosa kuona mtu, anajua mnamcheka."

Nikarudi uani, nikaketi mbele ya Bi. Mwanatumu. Nilimwamkia kama nilivyomwamkia siku zote, na safari hii nilimtazama macho. Akageuka kutazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Uso ukamwiva, mikono ikaacha kusuka, na mkono mmoja ukaanza kutafuta leso ya kujitanda. Maskini. Mtoto aliyelelewa vizuri anapoamkiwa na watu wazima wenye mvi, atafikiri nini? Atafikiri ni dhihaka, au ni laana. Atakwenda kumwambia mamake. Na kila Ijumaa Bongwe nzima, kwa upendo wao wote, walikuwa wanampangia foleni ya laana. Na mimi ndiye niliyeandika kwa wino mwekundu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Matroni nikamweleza yote, hata ile kahawa. Hakucheka. "Mwanawe utamwambia lini?" aliuliza.

"Juma lijalo."

"Leo."

Sikumwambia. Nilitafuta maneno sikuyapata, nikasema kesho, na kesho nikasema keshokutwa. Mnalijua nyie lile neno ambalo muuguzi hulibeba mkobani mpaka linavunda.

Ijumaa hiyo Bakari alibadilishana zamu, akarudi nyumbani asubuhi bila kutarajiwa. Alifika mlangoni wakati mamake, miguu ameikunja kwa adabu, akimwamkia dobi wa Machakos, naye dobi akiitika. Zuhura, ambaye siku hiyo hakuwa na watoto wa kufundisha, ndiye aliyenisimulia.

"Mama yangu mji mzima unamwamkia!" Bakari, mtu yule mpole, alipaza sauti. "Leo akuamkie wewe? Nawe unaitika?"

"Mimi naitika vile yeye anataka," alisema Mama Kioko.

"Toka nyumbani kwangu."

Mama Kioko akakunja leso yake ya kazi, akaweka daftari mezani, akatoka. Bakari kwa hasira akarudi hotelini na zamu si yake. Baada ya sala wakaja majirani kama kawaida yao, mmoja baada ya mwingine, shikamoo, shikamoo. Zuhura aliingia jikoni kutia maji kwenye birika. Alisikia kengele ya lango, akadhani ni wageni wanaondoka.

Nilipoletewa habari nilichukua baiskeli sikuuliza kitu. Nilipita barabara kuu kwanza, roho juu, nikitazama magari yote usoni. Hakuwepo. Sharti la Hamisi lilikuwa likinizunguka kichwani, na nyuma yake lilikuwepo lile lori la kiganjani. Nikarudi Bongwe nikamkuta Zuhura langoni na daftari mkononi, na ule mstari niliouchekea ukanirudia.

"Anasema anakwenda kwao," nikamwambia. "Kwa mamake. Kule Galu, kwao ni wapi hasa?"

"Ufukweni. Lakini sista, kule sasa kuna..." Hakumaliza, nami sikungoja amalize.

Nilimkuta kwenye lango la hoteli. Hoteli ile ile, ya Bakari. Alikuwa amesimama wima, ukili kwapani, miguu myeupe kwa vumbi, akimweleza mlinzi kwamba apishe njia, nyumba ya mamake iko huko ndani, karibu na kisima. Mlinzi, kijana mwenye heshima zake, alikuwa amevua kofia. "Shikamoo, bibi," alisema. "Hii ni hoteli." Bi. Mwanatumu akageuka nyuma kutazama bibi ni nani. Nilipotaka kusema neno, Bakari alikuwa anakuja, wameshamwita jikoni, anakimbia na aproni na ile kofia nyeupe ndefu ya wapishi.

"Mama!" alisema. "Mama, ni mimi. Bakari."

Bi. Mwanatumu akarudi hatua mbili. Alimwona mtu mzima, mwenye mvi kwenye ndevu na kofia kama ya sultani, anamwita mama. Midomo ikaanza kumcheza. Nyuma yake, umbali wa hatua kumi, magari ya wageni yalikuwa yakipita.

"Mama, shikamoo," alisema Bakari, karibu kulia.

Akarudi hatua nyingine.

"Bakari," nikasema. "Nyamaza. Ngoja uamkiwe."

Alinitazama kama nimemtukana, na alikuwa na haki. Lakini akanyamaza. Tulisimama pale, mlinzi na mimi na mpishi, na pikipiki moja ikapita. Bi. Mwanatumu akajitengeneza leso kichwani. Akamtazama mwanawe kwa muda, na nadhani aliona uso wa mtu asiyetaka kumdhuru. Akainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

 Bakari akavua ile kofia. Nikadhani atapiga magoti, na angepiga magoti tungempoteza mama.

"Marahaba," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama yuko wapi?"

"Amekwenda kuchota maji. Amesema tukamngojee nyumbani."

Basi Bi. Mwanatumu akatoa pumzi, kama mtu aliyetua mzigo, akampa Bakari ule ukili aushike. Wakaondoka, Bakari mbele na aproni yake, mama nyuma yake hatua mbili, kama binti anavyotembea nyuma ya mkubwa wake. Mimi nilisukuma baiskeli nyuma yao nikilia waziwazi, na sikujali nani ananiona.

Kabla ya magharibi Bakari alikwenda kwa Mama Kioko kuomba radhi. Nilimfuata, kwa kuwa radhi nyingine ilikuwa yangu: neno lile nilipaswa kulisema mimi siku nne kabla. Mama Kioko alitusikiliza wote wawili huku akichagua mchele. "Nitakuja kesho," alisema. "Lakini na wewe ukiingia, ungojee zamu yako."

Hamisi alifika Jumapili na pikapu, maana habari za barabarani hazihitaji barua. Bakari hakuficha kitu. Alimwambia kaka yake kwamba mama amefika Galu kwa miguu, na kwamba kosa ni lake, si la mama wala la Mama Kioko. "Basi sharti ni sharti," alisema Hamisi, akaingia uani na ile sauti yake ya dukani. Bi. Mwanatumu alikuwa anasuka. Alipoona lile jibaba lenye ndevu, akainuka haraka, akamwachia jamvi.

"Shikamoo, babu."

Hamisi akatazama kushoto, akatazama kulia. Bakari akamkanyaga mguu. Katika maisha yangu sijaona mfanyabiashara akitaabika kutoa kitu kama Hamisi alivyotaabika kutoa lile neno moja. Lakini akalitoa. Bi. Mwanatumu akatabasamu, akaketi ukingoni mwa jamvi, akamwonyesha kazi yake ili asifiwe. Hamisi akaisifu. Alikaa pale mpaka alasiri, akiangalia vidole vya mamake, na hakutaja Samburu tena. Jioni aliondoka na pikapu tupu, isipokuwa mkeka mmoja uliokunjwa.

Ilibidi kufundisha mji mzima upya. Ijumaa watu walikuja wakaketi kimya, wazee kwa vijana, wakingoja binti wa miaka themanini awaamkie, na wale wazee wenye mvi walijifunza kuitika huku wametazama chini. Kufuli lilihamia banda la kuku. Ukurasa wangu wa kanuni niliuchana mwenyewe.

Bi. Mwanatumu aliishi miaka mitatu zaidi, nyumbani kwake, mlango wazi. Mwaka wa mwisho, asubuhi moja, Bakari aliingia uani kama alivyozoea, akasimama akingoja. Mamake akainua uso kutoka kwenye miyaa. Akamtazama sana.

"Bakari," alisema, "siku hizi umekuwa mkubwa hivyo, hata mama yako humwamkii?"

Mama Kioko alikuwepo. Anasema Bakari alianguka magotini kama gunia. "Shikamoo, mama," alisema, na "Marahaba, baba," akajibiwa, na akaulizwa kama watoto wamekula. Kabla chai haijachemka alikuwa ameshaamkiwa tena kama babu wa mtu. Akaitika.

Sasa nami nimestaafu, saa yenu inagonga ukutani, na juzi niliitafuta miwani nusu saa nzima nikiwa nimeivaa. Pengine si kitu. Lakini ikiwa siku moja mtapita hapa Msambweni, na nikawaona, nikajitengeneza leso, nikawaambia ninyi watoto niliowafundisha kushika sindano, "Shikamoo," msigeuke kutazama nyuma, wala msinikumbushe mimi ni nani. Itikeni.